Miwa ya Navalayo na Mvua ya Alasiri

Kila asubuhi Pascalia alianika makapi ya miwa uwanjani. Hayo ndiyo yaliyokuwa kuni za kiwanda chao kidogo cha sukari nguru, huko Malava. Yakikauka, moto unawaka vizuri. Yakilowa, ni moshi tu.

Jumatatu mama Navalayo, mjane jirani, alileta miwa yake. Shamba lilikuwa limeungua, na kwenye kiwanda kikubwa foleni ya matrekta haikwisha. Miwa iliyoungua haingoji. Siku chache tu, inachacha.

"Nikamulie, binti yangu," alisema. "Miezi ishirini nimeipalilia. Sina kingine."

Shitanda, mume wa Pascalia, alifungua redio. Wakasikiliza matangazo ya vifo. Hawakusikia mtu wao, akaifunga.

"Betri zisiishe bure," alisema. "Na jua lenyewe si hili?"

Alasiri mvua ikamwagika. Makapi yakalowa chapachapa. Pascalia alipuliza moto mpaka macho yakavimba. Karai zima la maji ya miwa likachacha, wakalimwaga mtaroni. Navalayo alitazama tu.

Makhanu, fundi wa boila katika kiwanda kikubwa, akapita na baiskeli.

"Shemeji, unapika ama unafukuza nyuki?"

Hakuna aliyecheka. Makhanu akashuka.

"Kwani redio haikuwaambia?"

"Tulisikiza vifo, tukafunga," Pascalia alisema.

"Na utabiri wa hali ya hewa unafuata hapo hapo! Boila yetu inakula makapi haya haya. Mvuke wake unazungusha mashine na kuleta umeme. Wakubwa wetu wanaulizanga watu wa hali ya hewa kwanza. Wakisikia mvua, tunajaza makapi makavu chini ya paa mapema."

"Na hao watu wakikosea?" Shitanda aliuliza.

"Wanakosanga. Lakini ukifunika bure, umepoteza jasho. Usipofunika, umepoteza miwa ya mtu."

Jumatano redio ilitabiri mvua alasiri. Jua lilikuwa kali. Pascalia aligeuza makapi mara kwa mara, na saa saba akayaingiza yote bandani.

"Unayaficha jua lisiyaibe?" wapita njia walimcheka.

Saa tisa mvua ikaja. Bandani, moto ulinguruma.

Jioni sukari nguru iliganda. Lakini miwa ambayo hawakuwahi kuikamua ilikuwa imeshachacha. Navalayo alishika bonge moja, bado la moto.

"Ni nusu tu," alisema.

"Nusu, mama. Makosa ni yetu."

Karai la mwisho lilikuwa bado jikoni. Navalayo alivuta kigoda, akachota makapi makavu kwa mikono miwili, akayatia motoni.

"Koroga," alimwambia Pascalia. "Hii isiungue."