Bolti Alizokaza Baba

— Zima, Joakim, Kabula akasema. Zima kabisa.

Joakim akabonyeza swichi. Mashine ya randa ikaendelea kutetemeka, miguu yake ya chuma ikigonga sakafu, kisha ikanyamaza. Vumbi la mbao likatua juu ya rangi mpya ya kijani ambayo Kabula aliipaka kwa mkono wake.

Mzee Luhaga, baba yake Kabula, alikuwa amesimama mbele ya meza ya mashine, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mgonjwa.

— Haikuwa hivi, akasema. Kule misheni Mwamapalala nimeitumia tangu sina mvi. Ulikuwa unaweka glasi ya maji juu yake, inavuma, na maji hayachezi.

— Mzee, hata chuma huzeeka, Joakim akasema.

— Ungesema mimi ndiye nimezeeka, ningekuelewa haraka.

Wanaume wakacheka. Kabula hakucheka. Misheni ilipofunga karakana yake, baba aliachiwa mashine ile kama asante, ikalala ikila kutu mpaka Kabula alipohitimu chuo cha ufundi na kuileta Bariadi kwa lori la pamba. Waliifungua yote, nati kwa nati, wakaisugua, wakaiunganisha upya. Ikifanya kazi, karakana ya Luhaga inabaki, na Kabula anabaki nayo. Ikishindikana, wanunuzi wa chuma chakavu wanaibeba, naye anafunga ndoa na kumfuata Joakim mjini Mwanza, alikopata kazi katika kiwanda cha samani. Ndivyo walivyokubaliana wachumba hawa, kwa amani. Au Kabula alidhani ni kwa amani.

Akauvua mkanda unaounganisha mota na mashine, akaiwasha mota peke yake. Ikavuma taratibu, bila kutikisika.

— Mota nzima. Tatizo liko huku kwenye ngoma ya visu.

— Ni beringi hizo, Joakim akadakia. Nimesema tangu asubuhi. Twende kwa Jilala tukachukue mpya.

— Au ni visu? mzee akauliza, sauti imeshuka. Nilivikaza mwenyewe.

Kabula akamtazama baba yake. Katika karakana hii, bolti aliyokaza mzee haiguswi na mtu mwingine. Kupita nyuma yake na spana ni kumwambia mikono yake imekwisha. Kazi ya Kabula ilikuwa kuchora tu: kwa rangi nyekundu ya kucha alipitisha mstari mwembamba kutoka kwenye kichwa cha kila bolti hadi kwenye chuma, ili siku ikilegea ionekane. Akaona aibu kuinua kifuniko mbele ya baba, kana kwamba anamkagua.

— Kama ulivikaza wewe, baba, viko sawa. Tunakwenda kununua beringi.

Joakim alikuwa anatazama viatu vyake.

Dukani kwa Jilala, Joakim akawa mchangamfu ghafla. Akasimulia chumba alichopata Mwanza, dirisha linavyopokea upepo, na jinsi Kabula atakavyochoka kula samaki. Yeye alikuwa fundi wa makochi, mtu wa vitambaa na sponji, na maneno yake yalikuwa laini hivyo hivyo. Kabula alikuwa ameshika beringi mkononi simu ilipoita. Alikuwa Veronica, mama lishe wa ng'ambo ya karakana.

— Kabula, uko wapi?

— Kwa Jilala. Kuna nini, dada?

— Rudi. Baba yako kaiwasha ile mashine peke yake. Kisu kimechomoka. Mkono, Kabula. Mkono wa mzee.

Simu ilikuwa na sauti kubwa, Joakim alisikia kila neno.

— Kaiwasha? akasema. Nani kamwambia aiwashe?

Hakuuliza kama mzee yu hai. Kabula alilisikia jambo hilo, akalibeba hadi hospitali bila kulisema.

Mkono wa kulia madaktari hawakuweza kuuokoa. Mzee alipozinduka, aligeuzia uso ukutani, mabega yakawa yanatikisika.

— Ni mimi, ng'wanawane, mwanangu, akamwambia binti yake. Nilisahau kukaza. Nilirudisha mkanda, nilitaka kuisikiliza peke yangu, nijue kama kosa ni langu kabla hujatumia hela ya beringi. Kosa ni langu. Iuze. Nenda na kijana wako.

— Pumzika, baba.

— Kisu nimekifunga mara elfu, Kabula. Mara elfu, halafu nasahau.

Jioni ile ile Kabula alirudi karakanani. Damu ilikuwa imekauka juu ya rangi ya kijani. Akafungua kifuniko, akaizungusha ngoma polepole kwa mkono. Kisu cha kwanza, mistari myekundu imenyooka. Cha pili, imenyooka. Mahali pa kisu cha tatu, bolti zilikuwa bado mahali pake, hazijavunjika, lakini kila mstari ulikuwa umekatika, kichwa kimegeuzwa kwenda kushoto. Zote kwa kiasi kile kile. Mtikisiko haulegezi bolti kwa usawa namna ile. Mkono wa mtu ndio hulegeza hivyo. Na jana, baada ya mistari kukauka, aliyebaki kufagia na kufunga mlango alikuwa mmoja.

Akamwandikia Joakim ujumbe: "Kwa nini ulilegeza bolti?"

Jibu likaja: "Bolti gani? Sielewi."

Kisha ujumbe mwingine: "Nisamehe. Niko nje."

Alikuwa mlangoni kweli, kofia mkononi.

— Nililegeza kidogo tu, Kabula. Nilitaka itetemeke, mkate tamaa. Sikujua kisu kinaweza kutoka. Mimi najua makochi.

— Baba alipouliza kuhusu visu, ulikuwa umesimama hapo hapo.

— Ningesema, mngenionaje?

— Tungekuona mjinga. Na baba angekuwa na mkono.

Joakim akakaa juu ya rundo la mbao.

— Nilikuwa nakupoteza, akasema. Kila siku unaongea na hiki chuma kuliko na mimi.

— Ungeniambia hivyo, ningekusikia. Nilikupenda, Joakim. Ungeniambia tu.

— Na sasa?

— Baba analia akitazama ukuta, anaamini alisahau kukaza. Nenda kamwambie ukweli, kwa mdomo wako. Hayo mengine tutayazungumza baadaye.

— Nitamwambia. Kesho asubuhi. Naapa.

Asubuhi alikuja wodini na mfuko wa machungwa. Kabula akasimama dirishani, akawaachia nafasi.

— Mwangaluka, baba, akamwamkia Kisukuma.

— Mwangaluka, mwanangu. Umekuja mapema.

— Pole sana, baba. Kazi zetu hizi... Mungu ndiye anajua.

Kabula akasubiri. Moyo wake bado ulikuwa unamwombea yule kijana aseme neno moja tu.

— Msinisubiri mimi, mzee akasema. Mkamwone padri. Binti yangu kaihangaikia mashine, nimemharibia. Nisimharibie na ndoa.

Joakim alikunja pembe ya shuka, akaikunjua. Akafungua mdomo.

— Tutamwona, baba. Wiki hii hii.

Kabula aligeuka kutoka dirishani.

— Ng'ombe wa mahari watarudi kwenu Maswa, Joakim. Wote, na ndama aliyezaliwa kwetu.

— Kabula, tafadhali, si hapa.

— Mnasemaje nyie? mzee akauliza.

Kabula akakaa kitandani, akaushika mkono wa baba uliobaki. Ulikuwa mgumu na wa moto.

— Baba, hukusahau kukaza.

Mzee Luhaga alimtazama muda mrefu. Kisha akamtazama kijana, ambaye tayari alikuwa anarudi nyuma kuelekea mlangoni, ameacha machungwa sakafuni. Mzee hakuuliza ni nani. Aliuliza jingine.

— Zote nilizikaza?

— Zote, baba. Nimeziona kwa macho yangu.

Akafumba macho. Machozi yakashuka hadi kwenye masikio, na hakuwa na mkono wa kuyafutia, maana ule mmoja hakutaka kuutoa mkononi mwa binti yake.

— Basi usiiuze, akasema.