Landrova ni Yangu, Niulize Mimi

Siku ya soko Keumbu, Landrova ya Persis ilikatika shafti ya gurudumu la nyuma katikati ya watu, ndizi zimejaa hadi juu. Akashuka na gauni lake la terilini la njano na viatu vya visigino, na kila mwenye mdomo akawa na ushauri.

"Mwanamke na gari, wapi na wapi!" akapayuka mzee mmoja.

"Na wewe na hiyo suruali, wapi na wapi?" akamrudishia Persis.

Soko zima likaangua kicheko. Aliyecheka zaidi ni Manasseh, fundi wa gereji ya pale, kijana mrefu mwenye nywele za afro na ovaroli iliyolowa grisi. Akachomoa vipande vya chuma kilichokatika, akatia gia ya magurudumu ya mbele.

"Nenda polepole, mrembo. Ya mbele yatakuvuta."

"Na wewe nani atakuvuta?"

"Mimi nimeshavutwa."

Basi ikawa ndiyo hivyo. Jioni Manasseh akipiga simu ya duka la Persis kule Ikonge, wateja walinyamaza wasipitwe na neno.

Siku moja Persis akampelekea gari lirekebishwe breki. Aliporudi alilikuta juu ya mawe, magurudumu ya nyuma hayapo, shafti hazipo.

"Ziko wapi?" akamuuliza Mong'ina, muuza chai wa mlangoni.

"Zimeuzwa Masimba, dada. Nimeona zikipakiwa kwa macho yangu haya. Na Manasseh mwenyewe kaenda nazo."

Persis akarudi Ikonge anachemka. Simu ilipolia aliipokea kwa hasira.

"Mpenzi…"

"Nani mpenzi? Umeuza shafti zangu!"

"Zilikuwa nyembamba, Persis. Mlima wa Ikonge na matope yale, zingekatika tena. Nimekununulia nene, na gia za difu inayozizungusha; nazifunga usiku huu. Nimeshamweleza Nyamongo, akakubali."

Nyamongo ni kaka yake Persis, na hajui hata kuwasha gari.

"Nyamongo! Landrova niliyoinunua kwa ndizi zangu, unamuuliza Nyamongo?"

"Ni adabu tu. Kwetu huanzia kwa kaka."

"Hapo ni kumposa binti, Manasseh! Wewe unaposa binti au unaposa difu?"

Akakata simu. Wateja wakajifanya wanachagua sukari.

Asubuhi alikuwa gereji, kitambaa kichwani, macho makavu. "Fungua. Nionyeshe nilichowekewa bila kuulizwa."

Manasseh akafungua boliti, akaivuta flenji, kile kisahani cha chuma kinachoishika shafti kwenye gurudumu. Akauweka mkono wa Persis juu ya meno mapya ya flenji. Shafti nene kwenye flenji ya zamani, akaeleza, haiingii hata; ndiyo maana amebadilisha zote, mpaka gia za ndani ya difu. Persis akasikiliza kila neno. Chuma kilikuwa baridi, kizito, kizuri. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Ungenieleza hivi, ningekataa?"

"Usingekataa."

"Basi?"

Manasseh akafuta mikono muda mrefu. "Nimezoea mwenye gari kuwa mwanamume. Nilikosea."

"Ulikosea sana."

"Na kuna lingine. Esigani wangu, mshenga, anakuja kwenu Jumapili. Kwa Nyamongo."

"Tena Nyamongo!" Persis akapiga boneti kofi. "Kabla hajafika huko, niulize mimi."

Manasseh akanong'ona, "Persis, utaolewa nami?"

"Sisikii."

Akasema kwa sauti.

"Bado."

Fundi akapanda juu ya bampa, akapaza sauti hadi wauza ndizi wakaacha kupatana bei: "Persis! Nakuuliza wewe, si Nyamongo! Utaolewa nami?"

Mong'ina akamwaga chai. Watu wakajaa mlangoni.

"Ndiyo," akasema Persis. "Sasa mtume mshenga wako akamwarifu Nyamongo. Akamwarifu, umesikia? Si kumuuliza."