Mstari wa Sita

Kila siku baada ya kutoka shule, Asmahani alikuwa na kazi ambayo hakuna mwingine aliyeifanya nyumbani kwao Mtendeni. Alikuwa msomaji wa Bibi. Bibi Mwamvita alipika katika shule ya sekondari ya bweni ya wasichana kwa miaka thelathini na moja, na mwezi uliopita alikuwa amestaafu. Kusoma alijua vizuri, lakini mtoto wa jicho alimziba macho yote mawili, herufi zikawa kama siafu waliotawanyika. Basi Asmahani aliosha vyombo, akaanua nguo, kisha akaketi mkekani na kumsomea Bibi kila karatasi iliyoingia nyumbani, hata maelezo ya dawa zake za presha.

Jumatatu moja, Mjomba Awadhi, mtoto wa kwanza wa Bibi, alimsubiri nje ya geti la shule. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Hii ni hati ya Bibi yako. Mafao yake ya kustaafu yanakaribia kutoka, na mimi nitamfuatilia maofisini. Leo utamsomea. Ila huu mstari wa sita, uruke."

"Kwa nini?"

"Una maneno ya kisheria, yatamchanganya tu. Ukimaliza wa tano, nenda wa saba."

Asmahani aliusoma mstari ule kimoyomoyo. Ulisema kwamba Awadhi atapokea fedha zote za mafao, ataziweka katika akaunti yake yeye Awadhi, na atazitumia bila kuulizwa na mtu yeyote.

"Mjomba, mbona hapa..."

Tabasamu la Mjomba lilitoweka. Alimshika bega, na vidole vyake vikambana. "Presha ya Bibi yako unaijua. Ukimtia wasiwasi akaanguka, nani atakuwa amemuua? Mimi au wewe?"

Jioni ile Asmahani alimsomea Bibi ile hati. Alipomaliza mstari wa tano, akaenda wa saba.

"Ndiyo yote?" Bibi aliuliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Awadhi ana moyo wa kusaidia. Ijumaa tutakwenda kwa wakili, niweke saini."

Tangu hapo Asmahani hakuwa na amani. Bibi akikohoa, yeye alishtuka. Bibi akishika ukuta ili ainuke, yeye alikimbia kumshika. Aliogopa kusema, na aliogopa kunyamaza. Shuleni chakula kilimshinda, na rafiki yake Kulwa akamuuliza kama anaumwa.

"Hapana. Namwaza Bibi. Amestaafu."

"Afadhali wako," Kulwa alisema. "Bibi yangu alimpa baba mdogo kiinua mgongo chake chote amtunzie. Sasa hivi anapalilia mashamba ya watu kule Itetemia, na mgongo wenyewe umepinda."

Maneno hayo Asmahani alirudi nayo nyumbani. Alhamisi alijikaza, akaenda jikoni akaanza: "Bibi, ile karatasi..." Lakini Bibi, aliyekuwa ameinama kuchochea moto, aliinuka kwa haraka, akapepesuka na kushika meza.

"Kizunguzungu tu," Bibi alisema. "Ulikuwa unasemaje?"

"Hakuna kitu, Bibi."

Ijumaa walikwenda wote watatu kwenye ofisi ya wakili aliyeitwa Bertila, karibu na stesheni ya treni. Bertila alikuwa mwanamke mtaratibu aliyezungumza bila haraka. Bibi alikuwa ameshashika kalamu.

"Bibi, hati hii umesomewa?" wakili aliuliza.

"Amenisomea mjukuu wangu."

"Vizuri. Ila mimi hupenda isomwe mbele yangu. Binti, msomee tena."

Chini ya meza, kiatu cha Mjomba Awadhi kilikanyaga vidole vya Asmahani. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipomaliza wa tano, sauti ikagoma kabisa. Kiatu kilizidi kukandamiza.

Kisha akausoma wa sita. Aliusoma wote, neno kwa neno, machozi yakidondoka juu ya karatasi. Hapo akamtazama Bibi kifuani, aone kama bado anapumua.

"Bibi, usife!" alilia. "Niliuruka Jumatatu. Mjomba alisema nikikwambia utakufa!"

Bibi aliiweka kalamu mezani taratibu. Uso wake ulikuwa umepauka, lakini sauti yake ilikuwa imara. "Sifi. Hebu rudia mstari huo."

Asmahani aliurudia.

"Mama," Mjomba alisema, "nilitaka kuzizungusha. Ninunue lori la kubeba asali kutoka Kaliua. Wewe ni mwanamke, na umri umekwenda. Fedha zote hizo utaziweza? Matapeli watakumaliza."

"Awadhi, nimepima unga na maharage ya wasichana mia sita kwa miaka thelathini na moja. Hawakulala njaa hata siku moja. Leo ndiyo siwezi kupima cha kwangu?"

Bibi aliirudisha hati kwa wakili bila saini. Wakili Bertila akamweleza kwamba mafao yanaweza kuingia katika akaunti yake mwenyewe, na kwamba kabla ya kuwekeza popote ana haki ya kuuliza mpaka aelewe.

Wiki tatu baadaye, fedha zilipotoka, Bibi na Asmahani waliketi benki wakisubiri zamu yao. Bibi alikuwa ameshaamua. Sehemu ingetibu macho yake, sehemu ingejenga vyumba viwili vya kupangisha, na iliyobaki ingewekwa benki kwa muda maalumu, kwa jina lake. Pensheni ya kila mwezi ingetosha chakula. Mjomba alikuwa amekuja kuomba radhi. Bibi alimsamehe, lakini lori hakupewa.

"Na mimi umenisamehe, Bibi?" Asmahani aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimekusamehe. Lakini sitasema hukukosea, kwa kuwa ulinidanganya, nami karibu nipoteze uzee wangu wote. Sikiliza, mjukuu wangu. Mtu mzima akikupa siri, kisha akakutisha usiitoe, hiyo si siri ya kutunzwa. Itoe siku hiyohiyo kwa mtu unayemwamini, hata kama sauti inatetemeka. Na mimi nilikosea. Nilitaka kutia saini bila kuuliza swali, kwa sababu tu aliyeniletea karatasi ni mwanangu. Mwanamke aliyetoka jasho mwenyewe, akiba yake nayo aijue mwenyewe."

Namba yao iliitwa. Bibi alijifunga khanga vizuri, akamshika Asmahani mkono.

"Twende," alisema. "Nina maswali matatu ya kumuuliza yule kijana wa dirishani, na hatuondoki mpaka ayajibu yote."