Nusu Chini ya Sifuri

Boti iliyobeba bunduki za magendo ilipita mkono wa pili wa mto. Urbano alikuwa amejificha kwenye wa tatu.

Aliisikia injini ikinguruma nyuma ya mikoko. Saa sita mchana, maji yamejaa, kama agizo lilivyosema. Kila kitu sawa, isipokuwa mahali.

Ndani ya boti ile alikuwamo Zaitun, jasusi mwenzake, aliyewapikia wale wa magendo kwa miezi mitano. Mbele, kwenye gati, alisubiri mtu anayemjua Zaitun kwa sura, ambaye angemfichua. Mpango ulikuwa mmoja: akimwona Urbano, ajirushe majini.

Urbano akabonyeza redio yake ya Motorola.

"Kibiti, hapa Kiboko. Boti imenipita."

"Imekupitaje? Uko wapi?" Alikuwa Consolatha, mpokea redio wa ofisini Kibiti.

"Wa tatu kusini."

"Kaka Urbano, agizo ni wa pili." Jina la siri lilishamtoka kichwani.

"Kompyuta yangu imefumbua wa tatu."

"Ya bosi imefumbua wa pili. Programu ni hiyohiyo, lugha yake ya BASIC ni hiyohiyo. Nimeinakili mwenyewe."

"Jibu lilikuwa na nusu?"

Karatasi zikasikika zikichakurwa.

"Hasi mbili na nusu."

Urbano akafumba macho.

Mikono ya kaskazini ilihesabiwa juu ya sifuri, ya kusini chini yake. Programu ya kufumbua agizo ilitakiwa kukata nusu, ibaki namba kamili. BASIC ya kompyuta yake kuukuu ilikata kwa kushuka: hasi tatu. Ile ya kompyuta mpya, iliyoingia nchini biashara ilipofunguliwa, ilikata kwa kurudi kwenye sifuri: hasi mbili. Juu ya sifuri hakuna aliyegundua tofauti. Na ofisi ilijaribu namba za kaskazini tu, maana ndiko walikozoea kukamata watu. Mpya ikakaa mezani kwa bosi, kuukuu akapewa wa porini. Ndivyo ofisi zetu zilivyo.

"Bosi anauliza, utawahi?"

"Mwambie aiulize mashine yake."

Akavuta kamba ya injini yake ya Yamaha.

Dakika kumi na moja. Kwenye kona, boti ikaonekana. Zaitun alisimama ukingoni, akitazama nyuma.

Akamwona.

Akajirusha.

Kwa mpango, Urbano angekuwa hatua ishirini kutoka kwake. Alikuwa mita mia tatu.

Mwanamume wa nyuma akainua bunduki. Akapiga majini, bila haraka, kama anayechagua samaki.

Urbano alipofika karibu, bunduki yake ya SMG iliivunja injini yao kwa mkupuo mmoja. Wanne wakanyoosha mikono.

"Umechelewa, afande," alisema yule wa nyuma, akicheka.

Urbano alimfunga pingu, akawapeleka wote gatini, akawakabidhi kwa askari wa doria, akawasha sigara ya Sportsman. Akatembea kwenda kwenye Land Rover bila kugeuka.

Masanduku arobaini ya bunduki hayakufika. Wanaume wanne walikamatwa. Risasi sita zilipigwa majini, tatu zikampata Zaitun. Huko Mkongo, kijijini kwake, wamebaki watoto wake wawili, na bibi yao mmoja, Mwamini, ambaye haoni vizuri.