Tangi Lililokosa Pumzi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kufua, mke wa nahodha aliijaribu mashine ya Kifaranga. Ndivyo walivyokiita kiboti chao, kwa kuwa kiliifuata boti kubwa ya mizigo kila ilikokwenda. Boti kubwa ilitia nanga mtoni, kwenye maji ya kina. Kifaranga ndicho kilichowafikisha watu nchi kavu.

Aliifunga mashine kwenye pipa la maji uani, akavuta kamba. Mashine ikanguruma. Akaizima papo hapo, asimalize mafuta.

"Umeisikiliza vya kutosha?" aliuliza wifi yake kutoka ua wa pili. Wifi huyo, dada wa nahodha, alikuwa fundi wa mashine za boti.

"Imewaka, wifi. Ulitaka iimbe?"

Siku hiyo boti kubwa ilikuwa inamrudisha mama mkwe kutoka hospitali. Mke wa nahodha alikwenda kumchukua kwa Kifaranga, na safari ya kwenda ilikuwa shwari. Nahodha alimteremsha mama yake taratibu, akamvika jaketi la kuokolea maisha. Jicho moja la bibi huyo lilikuwa limefungwa bandeji, na la pili halikuona vizuri.

"Anayeendesha ni nani?"

"Ni mimi, mama. Mkweo."

"Basi niko mikononi mwa mtu."

Katikati ya mto mashine ikakohoa, ikazimika. Mke wa nahodha akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena mpaka bega likauma. Mkondo ukakigeuza kiboti ubavu, ukaanza kukipeleka kwenye nguzo za daraja. Akageuka kutafuta kasia. Halikuwapo. Ndipo alipokumbuka kuwa liko uani, limeegemeza kamba ya nguo, na shuka zake zinapepea juu yake.

"Mbona kimya?" bibi akauliza.

"Mashine imezimika, mama. Na kasia nimeliegemezea kamba ya nguo."

"Umelifanyaje?" Bibi hakungoja jibu. "Nanga, mwanangu. Tupa nanga."

Akaitupa. Kamba ikakaza, Kifaranga kikasimama. Nguzo ilikuwa karibu kiasi cha kuiona kutu ya vyuma vyake.

Mke wa nahodha akampigia wifi simu, naye akafika kwa boti ya karakana, uso umesawijika. Alimshika mama yake mkono kwanza. Kisha akaligusa tangi la mafuta, akalegeza skrubu ndogo juu ya kifuniko. Hewa ikaingia kwa mluzi mrefu.

"Nani ameikaza hii?"

"Mimi. Juzi niliingiza tangi jikoni lisiibwe. Harufu ikanizidi, nikakaza kila kilichokazika."

"Jikoni? Penye moto?" Wifi akaketi. "Wifi, ungetuzika mara mbili."

Maji yaligonga ubavu wa kiboti.

"Tangi hupumua," wifi alisema baadaye, sauti imeshuka. "Mafuta yakitoka, lazima hewa iingie mahali pake. Isipoingia, mafuta hukwama. Ile hewa kidogo iliyokuwemo ilikutosha kwenda, haikukutosha kurudi. Na kule pipani huiachi mashine iwake hata ikaonyesha ugonjwa wake."

Aliuminya mpira wa kusukumia mafuta, ulio kwenye bomba la tangi, mpaka ukawa mgumu, akavuta kamba. Mashine ikawaka.

Jumamosi iliyofuata walikijaribu Kifaranga majini, kimefungwa imara gatini, hakuna mtu majini karibu. Walitia gia, wakaiacha mashine ifanye kazi kupita muda wa safari nzima. Walitazama kama maji ya kuipoza yanaruka nyuma yake. Tangi lilihamia kwenye banda la nje lenye kufuli na upepo, mbali na moto. Likihifadhiwa, skrubu hukazwa. Likiingia kibotini, hufunguliwa. Kasia lilifungwa ndani ya Kifaranga.

Siku ya kwenda kufunguliwa bandeji, bibi alisimama gatini, hakuinua mguu.

"Tangi linapumua?"

"Linapumua, mama. Sikia." Mke wa nahodha alifungua skrubu karibu na sikio lake.

"Kasia?"

Akalichukua, akamwekea mkononi. Bibi alilipapasa kutoka mpini hadi ubapa.

"Na nguo umeziegemezea nini?"

"Mti wa uani, mama."

Hapo ndipo bibi alipoingia na kuketi. Kasia hakulirudisha. Alilipakata mpaka walipoifikia boti kubwa.