Mkono wa Mwenye Mwamba

Mzee Omanga alipomaliza kuomba, wote waliitikia Amina, kisha Amina nyingine ikaja nyuma yao, imechelewa, nzito, kama ya mtu aliyelitafuna neno kwanza. Phelesia aligeuka. Hapakuwa na kitu ila majani makavu.

Hawa walikuwa Waadventista wachache wa soko la Kisegi, waliopanda hadi kwenye mwamba wa kilimani Jumamosi jioni ili watazame jua likizamia ziwani na kufunga Sabato huko huko juu, kwa kuwa kwao siku hiyo takatifu huisha jua linapozama. Wazo lilikuwa la Phelesia, muuza vitunguu aliyehamia kutoka Kisii, mwanamke mwenye mdomo wake na mtoto mmoja tu, Celestine. Jirani yao Wangwe, mzaliwa wa pale, alikuwa amemwonya: "Hiyo mwamba iko na mwenyewe, Mama Celestine. Mchana ni yenu, jioni ni yake." Sokoni nako wakamkumbusha kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alijibu kwamba guu ni lake na jua ni la Mungu.

Kosa lao lilikuwa dogo. Wingu zito lilikuwa limekaa juu ya ziwa, jua likaingia humo, nao wakadhani limezama. Omanga, mzee wa kanisa lao, akafunga Sabato kwa ombi lile, wakaanza kupeana mikono na kutakiana wiki njema kama ilivyo desturi yao. Ndipo harufu ya matope ya ziwa ikawajia, pale juu kwenye jiwe kavu, na Celestine akamnong'onezea mamake.

"Mama, kuna mtu nimesalimia hataki kuniachilia. Mkono yake ni baridi."

Mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa umenyooka hewani, haukushika kitu.

Mara jua likachungulia chini ya wingu. Kumbe lilikuwa bado. Mwanga mwekundu ukamwagika juu ya mwamba, vivuli vyao vikarefuka, na hapo Phelesia akaona, na kila mtu akaona, kwamba kando ya kivuli cha Celestine palikuwa na kivuli kingine kirefu kisicho na mwenyewe, kimekishika kile cha mtoto mkono, kikikivuta polepole kuelekea ukingoni, na viatu vya kanisani vya Celestine vikaanza kuburuzika juu ya jiwe ingawa mtoto mwenyewe alikuwa amekaza magoti na kulia kimyakimya.

Omanga alisema wakimbie. Phelesia aliogopa, lakini hasira yake ilikuwa kubwa kuliko woga. Alimkumbatia bintiye kiunoni, akakita visigino, akakikazia macho kile kivuli.

"Sikiza wewe," alisema, kwa sauti ile ile ya kukataa bei sokoni. "Jua bado iko. Sabato haijaisha. Hizo salamu tulipeana kabla ya wakati, kwa hivyo si salamu. Huyu mtoto hajakupatia mkono. Rudisha."

Akamwamuru Omanga aanze upya. Waliimba kwa sauti za kutetemeka hadi ncha ya mwisho ya jua ilipozama na vivuli vyote vikafa pamoja. Mkono wa Celestine ukaanguka ubavuni. Omanga aliomba tena, na hakuna aliyempa mwenzake mkono. Ile Amina ya kuchelewa ilitokea chini ya ukingo.

Wiki nzima kiganja cha mtoto kilinuka matope, hata alipooshwa kwa sabuni. Wangwe alimsihi Phelesia asirudi kule, kwa kuwa sasa mwenye mwamba anamjua. Phelesia alisema mtu akikushikia mtoto humkimbii, unamfuata ukamwambie. Jumamosi akamwacha Celestine kwa mke wa Wangwe, akatangulia kupanda. Wengine wakamfuata kwa aibu.

Juu pale alipageukia mahali patupu nyuma yao.

"Amina utaitikia kama wengine," alisema. "Mkono hupewi."

Wakaficha mikono makwapani, wakangoja jua lizame kwelikweli. Omanga akaomba, wakaitikia. Ile Amina nyingine haikuchelewa.