Pikipiki Iliyorudi Bila Mwenyewe

Rafiki yangu Yarow alikuwa fundi wa pikipiki mjini Garissa wakati wa vita vya shifta, serikali ya Kenya ilipopigana na waasi wa Kisomali. Alasiri moja askari walimletea pikipiki kuukuu waliyoiokota kwenye njia ya Balambala.

"Ikisimama bila kuzimwa, mlio wake mara unapanda, mara inataka kuzima," sajini alisema. "Itengeneze leo, au tutajua uko upande gani."

"Na mwenye bikibiki yuko wapi, afande?" Yarow aliuliza kwa lafudhi yake ya Kisomali.

"Hatukumpata."

Yarow alipofungua kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, harufu ya nyama iliyooza ilimpiga usoni. Ndani mlikuwa na ute mzito wa kijani, unaovutika kama kamasi. Alitapika kando, akaosha kila tundu kwa petroli, akabadilisha plagi. Injini iliwaka, lakini mlio ukaendelea kupanda na kushuka.

Alidhani kuna ufa mahali ambapo injini inavuta hewa. Ili asikilize vizuri, alifunga mlango wa mabati wa kibanda chake kuzuia kelele za mbuzi sokoni. Kibanda kikawa giza totoro. Mlio ulipanda, ukashuka, ukapanda, kama mgonjwa anayehema. Yarow akazima injini.

Kuhema hakukukoma.

"Bismillahi," alinong'ona. Angetoka mbio, lakini sajini alikuwa akisubiri mlangoni. Alipapasa gizani mpaka kwenye mdomo wa kabureta, akaingiza kidole kutafuta upepo unapotokea. Ndani mlikuwa na joto na unyevu. Kisha kitu laini, chenye ute, kikakilamba kidole chake taratibu, kuanzia ukucha hadi shinani.